Kwa Fimbo Nyeupe, Kimara Hadi Chamazi

Tangu nirudi simu yangu haipoi. Wanakwaya wananiuliza, walimu wenzangu wa zamani wananiuliza, na mdogo wangu kule Same kila akipiga anataka nianze mwanzo tena. Nikisimulia nagundua nimeruka kitu, nikirudi nyuma napoteza nilipofikia. Basi naandika mara moja, kwa simu hii hii inayonisomea kila herufi ninayoigusa, nanyi mtasoma kwa nafasi zenu.

Kwa wasionijua vizuri: mie ni Eliakunda. Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka presha ya macho ilipoyazima yote mawili, na sasa sioni hata mwanga wa dirisha. Niko kwenye kikundi cha watu wasioona tunaozunguka ofisi za mitaa kudai njia zipitike. Mwenzangu wa safari hii ni Abdulrahim, muuza viungo wa Temeke, ambaye tangu azaliwe hajaona kitu, na tangu azaliwe hajakubali kushindwa na mtu.

Sababu ya safari ilikuwa Tausi. Tausi ni mwenzetu kikundini. Anapokea simu kwenye kampuni moja mjini, na anakaa Chamazi kwa dada yake, Mwajuma. Barabara ya kwao inajengwa upya, na pembeni yake umechimbwa mtaro ambao ulibaki wazi. Asubuhi moja akienda kazini, Tausi akatumbukia humo, mfupa wa begani, mtulinga, ukavunjika. Mfupa uliunga. Lakini Mwajuma akasema basi, mdogo wake hatoki tena. Kazini wakamwambia watamshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hawataweza.

Nikampigia Mwajuma kumbembeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, nyie mnaongea vizuri sana. Mnasema asiyeona anaweza kutembea mji huu. Haya, tembeeni nyie. Tokeni huko Kimara kwenu kwa miguu, bila mtu wa kuwashika mkono, mje mpaka kwangu mniambie njia ikoje. Mkifika, nitawasikiliza."

Alisema kwa hasira, wala hakutegemea jibu. Ila nilipomweleza Abdulrahim, alicheka kwanza, kisha akauliza, "Tunaondoka lini?"

Kimara: tunavushwa

Abdulrahim alilala kwangu ili tuanze na jua likiwa bado dogo. Tulikunywa uji wa ulezi, tukafunga mihogo ya kukaanga kwenye mfuko, tukafungua fimbo zetu, tukatoka. Masharti yetu yalikuwa mepesi: kuuliza njia ruksa, kushikwa mkono hapana.

Hatukumaliza hata eneo la kituo. Nilikuwa nimesimama pembeni mwa Barabara ya Morogoro, nasubiri Abdulrahim amalize kufunga kiatu, mara nikasikia mkono mzito umenikamata juu ya kiwiko.

"Twende mama, gari zimesimama!"

"Kaka, sivuki," nikamwambia.

"Usiogope, niko na wewe!"

Nilikuwa nikivutwa huku najitetea, magari yananipigia honi kushoto na kulia, na yule kaka anawafokea madereva kwa niaba yangu. Alinivusha salama kabisa upande ambao sikuwa na shida nao. Akanipigapiga begani. "Mungu akubariki, mama," akasema, akaondoka kabla sijapata pumzi ya kumjibu.

Abdulrahim upande wa pili alikuwa akiita, "Mwalimu! Mwalimu, uko wapi?"

"Ng'ambo!"

"Ng'ambo unafanya nini?"

Watu wa bodaboda walicheka mpaka mmoja akaja. Huyu aliuliza kwanza. "Sista, unataka kwenda wapi?" Nilipomwambia nataka kurudi nilikotoka, alisimama ubavuni kwangu bila kunigusa na kusema, "Sasa." Tukavuka. Nimeshangaa jinsi neno moja tu lilivyonitosha, na ningependa wengi walijue. Mtu akikutana nasi barabarani, aulize kwanza.

Bonyokwa: ndani ya hema

Kutoka Kimara kwenda Bonyokwa ni milima na mabonde, na miguu inajua hivyo kuliko macho. Vikwazo vikubwa havikuwa magari. Mafundi wameegesha mageti ya chuma njiani, wenye duka la vifaa wamemwaga kokoto, na mahali fulani mtu kaanika makochi. Kila mara tulitelemka barabarani na kupanda tena. Abdulrahim alikuwa akigonga kila geti kwa fimbo na kuuliza kwa sauti, "Hodi, kuna mtu anaishi hapa?" Fundi mmoja alicheka, akavuta mageti yake ndani. Mwingine alituambia tutafute njia nyingine. Simwoni mbaya, karakana yake yenyewe ni ndogo. Lakini njia nyingine haikuwepo.

Jua lilipokuwa limekolea tulikutana na kina mama waliotusalimia kwa furaha kubwa kuliko kawaida.

"Karibuni jamani! Mmefika. Ni hapa hapa."

Mie nilidhani ni mgahawa, maana nilisikia sufuria na harufu ya pilau. Tulielekezwa, tukaketishwa kwenye viti vya plastiki, tukapewa maji baridi. Kisha kipaza sauti kikalia na kwaya ikaanza kuimba. Tulikuwa mstari wa mbele kabisa kwenye hema la maombezi.

"Mwalimu," Abdulrahim aliniinamia, "hawa wanajua mie naitwa Abdulrahim?"

"Tulia, tutatoka wimbo ukiisha."

Wimbo haukuisha. Uliunganishwa na mwingine, na mwingine, halafu mchungaji akashuka jukwaani. Nilisikia viatu vyake vikija mpaka vikasimama mbele yetu. Alikuwa na sauti nzuri, ya upole.

"Wapendwa wetu hawa wametoka mbali. Mama, ungependa Mungu akutendee nini leo?"

Kipaza sauti kiliwekwa mdomoni kwangu. Mie ni Mlutheri, nimezoea ibada ambayo kila mtu anajua zamu yake. Nikasema ukweli. Nikamwambia tulikuwa tukipita tu kwenda Chamazi, tumewaomba macho madaktari na tumemwomba Mungu kwa miaka, na leo haja yetu ni ndogo zaidi. Magari ya waumini yameegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na tumefika hapa kwa kupita katikati ya barabara, pikipiki zikitupangusa nguo.

Nikaogopa kwamba nimewaudhi wenyeji wangu baada ya kunywa maji yao.

Mchungaji alivuta pumzi. "Wenye magari," alisema kwenye kipaza sauti, "naomba mtoke mkayasogeze. Yote. Tutawasubiri."

Funguo zikaanza kulia huku na huku. Walipomaliza walitupa pilau kwenye sahani, na mama mmoja akamuuliza Abdulrahim kama atakula nyama, maana aliyechinja ni jirani yao Mwislamu. Kumbe alikuwa amelisikia jina aliponinong'oneza. Abdulrahim alikula sahani yake na nusu ya yangu.

Ukonga: kule wapi, afande?

Kwa ajili ya hema tulichelewa, na baada ya Segerea mvua ikatukamata. Mvua ni ukungu wetu. Ikipiga mabati, sauti zote ninazozitumia kujua kona na kuta zinazama. Ramani ya simu ya Abdulrahim nayo ikatutuma mahali ambapo ardhi ilibadilika ghafla, kukawa kimya, nyasi fupi, hakuna maduka, hakuna redio.

"Simameni hapo hapo!"

Tukasimama. Abdulrahim, aliyekuwa ameikunja fimbo yake ili ashike simu, alikuwa ndiyo kwanza anaikung'uta, na ikajifungua kwa ule mlio wake wa chuma, kacha kacha kacha.

"Weka chini hiyo! Ni nini hiyo?"

"Fimbo, afande! Ya kutembelea!" Aliniambia baadaye kwamba aliinua mikono yote miwili juu, fimbo ikining'inia kwenye kidole.

Askari alisogea. Nadhani alitutazama vizuri, kwa sababu sauti ilishuka. "Ah. Hamuoni?"

"Shikamoo, afande," nikasema, ingawa kwa sauti yake angeweza kuwa mwanafunzi wangu.

"Marahaba... hapana, jamani, shikamoo mama. Hapa ni eneo la gereza. Mmeiacha njia. Njia ni ile kule."

"Kule wapi, afande?"

"Kule, si ile pale, nyuma ya ile miti."

Tulisubiri. Nadhani alikuwa ananyoosha kidole. Kisha akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyejikamata. "Samahani. Ngojeni kwanza. Gari likipita mtalisikia kulia kwenu. Geukieni huko. Mimi natangulia mpaka njiani, nitapiga makofi, nyie fuateni makofi."

Basi tukaongozwa kutoka eneo la gereza la Ukonga kwa makofi, kwenye mvua, kama watu wanaoshangiliwa. Tulipofika kwenye lami alituuliza tunakwenda wapi na kwa nini, na nilipomweleza habari ya Tausi aliguna. "Nilikuwaga sijui mnaendaje," alisema. "Nilidhani lazima mtu awashike."

Usiku huo tulilala kwa Shangazi Zuwena, shangazi yake Abdulrahim, ambaye familia yake ina duka la kanga pale Ukonga tangu babu zao. Alitupa nguo kavu, kahawa chungu na haluwa, halafu wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tatizo la Shangazi ni moja. Alimkalisha mpwa wake, mwanamume mzima mwenye ndevu na duka, akaanza kumtoa miiba ya samaki na kumtia tonge mdomoni.

"Shangazi, mie naweza."

"Najua unaweza. Fungua mdomo."

Tulicheka sana. Ila baadaye, alipokuwa amekwenda kuswali, Abdulrahim aliniambia kwa sauti ambayo sijaizoea kwake, "Unajua mama yangu hakunilisha hivi hata mara moja. Majirani wakimwita mkatili. Alinituma dukani peke yangu nikiwa mdogo, na akawa anasimama mlangoni analia. Niliambiwa hayo nilipokuwa mkubwa."

Nilimfikiria Mwajuma mpaka usingizi ukanichukua.

Kivule: mtaroni

Kesho yake mvua ilikuwa imekwisha lakini ilikuwa imeacha kazi yake. Kutoka Ukonga kushuka Kivule tulikanyaga mchanga uliolowa, madimbwi na tope. Tulikuwa tumechoka na tulianza kugombana. Abdulrahim anakwenda haraka, mie nahakikisha kila hatua. Alisema nikiendelea hivyo tutafika mwezi ujao, nikamwambia atangulie. Akatangulia kweli.

Kwa hasira nikaongeza mwendo. Fimbo yangu iligusa kitu kigumu mbele, nikadhani ni ukingo wa njia. Kilikuwa kipande cha zege kilicholala karibu na shimo. Mguu wa pili haukukuta kitu.

Sikuanguka mbali, maji yalinifika magotini. Lakini mtu akianguka bila kuona chini, anaanguka kwa muda mrefu sana. Niliumia paja na kiganja, fimbo ikaniponyoka, na kwa muda fulani sikujua juu ni wapi. Nilipopapasa ukuta wa mtaro ulikuwa laini, hauna pa kushika. Nikaita. Sauti yangu ilinitisha mwenyewe.

Walionitoa ni wanawake wawili waliokuwa wakifyatua matofali jirani, wakisaidiana na Abdulrahim aliyekuwa amerudi mbio akiniita jina langu lote kamili. Walinikalisha juu ya tofali, wakaninawisha miguu kwa maji ya ndoo, mmoja wao akanipa chai ya rangi na chapati. Fimbo aliitafuta Abdulrahim mwenyewe, akiwa amelala kifudifudi, akipapasa mtaro mpaka akaipata.

"Nisamehe, mwalimu," alisema.

"Nitafutie bajaji," nikamwambia. "Nimemaliza. Mwajuma yuko sahihi."

Hakunibishia. Alikaa chini karibu nami, topeni vile vile. Mama mmoja wa matofali, ambaye alikuwa akisikiliza, akauliza huyo Mwajuma ni nani. Nikamsimulia yote. Alisonya. "Sasa mama, Mwajuma yuko sahihi kwenye nini? Kwamba wewe hujui kutembea? Wiki hii mwanangu anayeona ametumbukia hapo hapo akiwa na ndoo ya maji kichwani."

Nikayatafakari maneno hayo. Chai ilipokwisha nilimuuliza Abdulrahim, "Tukifika, tutamwambia kwamba nilianguka?"

"Tukimficha, tumekuja kumdanganya."

"Atatufukuza."

"Basi atatufukuza tukiwa tumefika."

Nikasimama. Paja liliniuma kila hatua kupitia Msongola, tukapumzika mara kwa mara, na Abdulrahim sasa alikuwa akitembea mwendo wangu. Watu wa njiani walituuliza, tukawaeleza. Kule Mbande mwenye genge la matunda alitukatia tikitimaji, akakataa kulipwa, akaanza kuvuta meza yake nyuma huku akiniuliza, "Hapa je? Inatosha? Na hapa?"

Chamazi: mlangoni kwa Mwajuma

Tuliingia Chamazi alasiri. Tulisikia katapila kabla ya kusikia mtaa. Mtoto wa jirani alikimbia kutangaza kwamba kuna vipofu wawili wa matope wanakuja, kwa hiyo Mwajuma alikuwa mlangoni tulipofika.

"Mwalimu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmekuja kwa miguu? Mie nilisema tu."

"Ulisema tukifika utatusikiliza."

"Nguo zako zina nini?"

"Nilianguka mtaroni Kivule. Nimeumia kidogo."

Akalipuka. "Si nilisema! Si nilisema jamani! Mnataka mdogo wangu afe? Mie ndiye niliyemtoa mle na mikono hii! Mie ndiye niliyemsikia akilia! Marehemu mama aliniachia mie, hakuwaachia nyie na kikundi chenu!" Alikuwa akilia sasa, na sisi tumesimama tu, maana hakuna alichosema ambacho si kweli.

Ndipo Tausi aliposema kutoka ndani. Sikujua kwamba alikuwa nyuma ya pazia.

"Mwalimu, ulipoanguka ulifanyaje?"

"Nililia. Nikataka bajaji."

"Halafu?"

"Nikanywa chai. Nikaja."

Tausi akatoka, nikasikia ndala zake zikija mpaka kibarazani. "Dada," alisema taratibu, "mie siogopi kutembea. Naogopa ule mtaro. Wewe unanifungia mie. Mtaro mbona hujaufungia?"

Mwajuma akageuka. Aliingia ndani, akatuletea maji ya kuoga, akatupikia ugali na dagaa. Alinipaka dawa kwenye kiganja kwa mkono mwepesi sana.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mkutano wa mambo ya barabara ambao mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameitisha, na msimamizi wa ujenzi alikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza, nimepanga hoja zangu kama somo. Sikufika mbali. Msimamizi alijibu kwa adabu kwamba mifuniko ya mitaro itawekwa mwishoni kabisa, kazi zote zikikamilika, ndivyo mpango ulivyo.

"Mwishoni lini?" Ilikuwa sauti ya Mwajuma. Sikujua kama amekuja.

"Mama, kazi ina hatua zake..."

"Mie sikuulizi hatua. Nakuuliza mdogo wangu akapoteze kazi yake anakungoja wewe? Huyu mwalimu ametoka Kimara kwa miguu, tazama mkono wake. Nilimwambia asiyeona hawezi kutembea mji huu. Nilikosea. Anaweza. Ila nyie mmetuchimbia mji usiotembeka, wenye macho na wasio na macho. Juzi mzee Kondo alitumbukia, ana macho yake mawili. Wekeni mifuniko pale watu wanapovukia, leo, mengine mtamalizia!"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mzee Kondo mwenyewe akasimama kuthibitisha. Mama mjamzito akasema lake. Mwenye duka la nondo, watu walipomgeukia, akalalamika kwamba akiondoa nondo zake njiani hana pa kuziweka, wakabishana naye mpaka jirani yake akampa nafasi ya uani. Msimamizi alisikiliza, akapiga simu pembeni, akarudi na kusema kuna mifuniko iliyokwisha kumwagwa zege ambayo angeweza kuiweka kwenye vivuko kuanzia kesho, pamoja na uzio wa kamba na mbao sehemu zilizobaki wazi. Mitaa mingine haikuwemo. Njia nzima kutoka Kivule haikuwemo. Lakini kutoka nyumbani kwa Tausi mpaka kituoni ilikuwemo, na alitimiza.

Kituoni

Nilibaki Chamazi mpaka Jumatatu, paja lipone na kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Alfajiri Tausi alivaa, akanukia sabuni na mafuta ya nazi, akachukua fimbo yake. Mie na Abdulrahim tulikaa kibarazani, tukasikiliza fimbo ikigonga kutoka uani, ikageuka kulia, ikapita kwenye mfuniko wa kwanza kwa mlio mzito wa zege jipya, ikaendelea.

Halafu nikasikia mlango ukifunguliwa polepole nyuma yetu. Mwajuma alikuwa amevua ndala. Alitupita peku, amebana pumzi, akamfuata mdogo wake kwa mbali.

Fimbo ya Tausi ilisimama.

"Dada," alisema, bila kupaza sauti, "rudi ukaandae chai ya wageni."

Mwajuma alisimama pale njiani. Fimbo ikaanza tena kugonga, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, mpaka ikamezwa na kelele za kituoni. Alirudi akakaa katikati yetu, akanishika mkono ule wenye bandeji, na hakuna aliyekumbuka chai mpaka simu ya Mwajuma ilipoita na tukamsikia Tausi, ameshafika mezani kwake, kwa sauti yake ya kazini, akisema, "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?"